Mwaka wa Choo Cheusi

Rukia, binti wa mama yangu mkubwa, alinitumia ujumbe asubuhi, wakati nawapanga kina mama na vichanga vyao kwenye mabenchi ya kituo cha afya kule Makunduchi ninakofanya kazi. "Baba katutangulia," aliandika, basi. Nilimkabidhi mwenzangu kazi, nikavaa baibui, na adhuhuri ilinikuta nshafika Malindi, napanda ngazi za ile nyumba kwa kushika ukuta, maana vidato vya nyumba za Mji Mkongwe havijapata kuwa na urefu mmoja, na magoti yangu siku hizi hayasamehe. Wanaume walikuwa wameshatoka na jeneza kwenda msikitini. Ghorofa ya kati ilijaa wanawake waliokaa kwenye mikeka, mmoja anasoma Yasin kwa sauti ya chini na wengine wanamfuata kwa midomo. Niliwapa mkono wote, mama mkubwa kwanza, nikakaa, nikalia nilivyoweza. Baadaye Rukia alinivuta tukapanda hadi chumba cha juu, chumba tulicholala pamoja tukiwa wasichana, akafunga mlango, akakaa kitandani na macho yake yaliyovimba. Nikadhani ataanza kulia tena. Badala yake alijifunika mdomo kwa ncha ya kanga akacheka, kile kicheko cha msibani ambacho mtu hukionea haya huku hawezi kukizuia. "Mize," akasema, "unaukumbuka mwaka wa choo?"

Katika familia yetu mwaka ule hauna jina jingine. Wengine wana mwaka wa mafuriko au mwaka wa harusi ya fulani. Sisi tuna mwaka wa choo, na mgeni akitusikia hudhani tunazungumzia mwaka tuliojenga choo kipya. Lugha yetu imelitwika neno hilo mizigo miwili, chumba chenyewe na kile mtu anachokiacha humo ndani, na pengine imefanya hivyo makusudi, ili muungwana aweze kutaja kimoja akiwa na maana ya cha pili. Mie sasa ni mtu mzima, nina wajukuu, na kazi yangu imenizoesha kuuliza habari za choo kama wengine wanavyouliza habari za nyumbani. Lakini nilipokuwa na miaka kumi na minane neno lile lilikuwa zito mdomoni mwangu kuliko tusi, na mwaka ule ule nililazimika kulitamka mbele ya mtu niliyemheshimu kuliko wote.

Nilikuja mjini kutoka kaskazini, kwenye kijiji kinachotazamana na Tumbatu, kumalizia mwaka wangu wa mwisho wa sekondari. Mama mkubwa, Bi Zuhura, dada yake mama, alikuwa ameolewa na Ami Seif, mshoni wa kanzu, na walikuwa na binti mmoja, Rukia, rika langu. Nyumba yao ilikuwa nyembamba, imekwenda juu zaidi kuliko ilivyokwenda pembeni. Chini, mlango ukifungukia uchochoroni, kilikuwepo chumba cha kazi cha Ami: meza ya kukatia, majora ya vitambaa vyeupe, na cherehani ya kukanyaga kwa miguu ambayo sauti yake ilitufikia mpaka darini tulikoanika nguo. Nyuma ya chumba hicho, chini ya ngazi, ndipo kilipokuwa choo, kimoja kwa nyumba nzima: sakafu ya saruji, tundu la kuchuchumalia, birika la kujengea la maji, na kopo. Dirisha lake lilikuwa dogo, lakini asubuhi jua lilipita humo likaangukia sakafuni. Maji ya mfereji yalikuja siku yanayotaka yenyewe, kwa hiyo tulifundishwa kuyatumia kwa uchache, na kwa sababu ya uchache huo, aliyeingia kuosha alikuta mengi ambayo kwenye nyumba nyingine huondoka na maji. Mimi na Rukia tulipokezana kuosha.

Hakuna aliyesema katika nyumba ile kwamba anakwenda chooni. Mama mkubwa alisema, "Nnashuka chini mara moja." Rukia alisema anakwenda msalani. Ami Seif hakusema chochote. Alikohoa kikohozi kifupi pale mlangoni, nasi tukaelewa, tukaondoka njiani. Alikuwa mrefu, mwembamba, ndevu zake amezipunguza vizuri, na maneno yake aliyakata kama kitambaa, kwa kipimo. Mimi mtoto wa shamba nilimwogopa kwa wiki za mwanzo. Kisha jioni moja wenzangu wa shule waliponicheka kwa lafudhi yangu ya kaskazini, nikarudi na macho mekundu, aliniita chumba cha kazi akanipa kiti. Aliendelea kushona. Baada ya muda akasema, bila kunitazama, "Mama yako mkubwa alipokuja hapa alisema kama wewe. Mie nliyapenda maneno yake kabla sijaiona sura yake." Tangu siku ile sikumwogopa tena. Nilimpenda, na kwa sababu hiyo nilimwonea haya zaidi.

Ami alipenda ngisi. Mama mkubwa aliwapika kwa namna ya kwetu kaskazini, hakuutupa wino wao kama wafanyavyo watu wengi wa mjini, bali aliuchanganya na tui zito na ndimu, mpaka mchuzi ukawa mweusi ti na sisi wote tukanyanyuka mkekani na midomo ya wino. Siku moja baada ya mlo kama huo ilikuwa zamu yangu ya kuosha choo, na pale kwenye ukingo wa tundu, jua limepaangukia, nikaona alama nyeusi. Wiki ile ile mwalimu wetu wa bayolojia alikuwa ametufundisha habari za tumbo, akasema kwamba damu ikivuja juu, tumboni, haitoki nyekundu; husagwa njiani pamoja na chakula na hutoka nyeusi kama lami. Niliacha ndoo pale pale nikapanda ngazi mbio. Mama mkubwa alikuwa jikoni anachambua mchele.

"Mama mkubwa, humu ndani mna mgonjwa."

"Nani kakwambia?"

"Nmeona. Chooni. Kina rangi nyeusi."

Aliendelea kuchambua mchele wake. "Jana ulikula nini, Mize?"

"Ngisi," nikasema.

"Sote tumekula wino, mwanangu. Ulitaka utoke mweupe?"

Rukia alikuwa mlangoni akisikiliza, akacheka mpaka akakaa chini. Mama mkubwa naye akaanza, na kwa kuwa kicheko kilikuwa kimeshafungua mlango, alisema maneno ambayo sikuwahi kumsikia akiyasema, kwa sauti ya chini, akitazama ngazi kama kuna mtu. Akasema mchicha na kisamvu vikiliwa kwa wingi hukifanya choo kijani. Akasema kuna mwaka alikula bitiruti harusini, asubuhi yake akaona wekundu akaandika wasia kichwani, kumbe ni bitiruti. Akasema alipokuwa na mimba ya Rukia alipewa vidonge vya kuongeza damu, na kwa miezi yote ile choo chake kilikuwa cheusi, na mkunga wake alicheka kama sisi tunavyocheka. "Kwanza ujiulize umekula nini," akasema. "Kisha ndo uogope." Ami Seif alituita kutoka chini, akauliza kuna nini. Hakuna aliyemjibu. Kuanzia siku hiyo Rukia aliniita Daktari wa Ngisi, na jina likanifuata mpaka shuleni.

Nimefikiria sana, katika miaka ya kazi yangu, kuhusu ile asubuhi ya kicheko. Mama mkubwa alisema kweli, na mimi mpaka leo nawaambia wagonjwa wangu maneno yake: kwanza jiulize umekula nini, umemeza dawa gani. Rangi ya choo hubadilika kwa mambo mengi ya kheri. Kibaya ni kwamba kicheko kile, ambacho hakikuwa na ubaya wowote, kilinifunga mdomo. Mtu akichekwa mara moja kwa kuogopa, mara ya pili huogopa kuchekwa kuliko anavyoogopa kitu chenyewe.

Ramadhani ilipokaribia kazi ya Ami ilizidi. Kila mtu alitaka kanzu mpya ya Idi, na yeye hakuwa na desturi ya kumkataa mteja ambaye hata baba yake aliwahi kushonewa naye. Alikanyaga cherehani tangu baada ya alfajiri, na magoti yake yakavimba. Duka la dawa la jirani walimpa vidonge vya maumivu, vikamsaidia, akarudi kununua vingine, kisha akawa havikosi mfukoni. Mwezi ulipoandama alivimeza magharibi, kabla hata ya tende, kwa kikombe cha kahawa chungu, kwa sababu alitaka maumivu yatulie asimamie tarawehe. Namwona mpaka sasa: sinia limewekwa katikati ya mkeka, uji wa pilipili manga, tambi, mihogo ya nazi, mikate ya kumimina, na yeye pembeni na kile kikombe kidogo, anafumba macho kidonge kikipita. Chakula alikigusa tu. Alisema tumbo limejaa. Tulidhani ni saumu.

Wiki ya pili ya mfungo alianza kupumzika katikati ya ngazi. Alisimama kwenye kidato cha kati, mkono ukutani, kama mtu aliyekumbuka jambo, kisha akaendelea. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kuliko vitambaa alivyoshika. Niliviona, nikaogopa kuitwa tena Daktari wa Ngisi. Bi Fatma wa nyumba ya mbele, ambaye hakuna kilichopita uchochoroni asikione, alikuja kukaa na mama mkubwa baada ya alasiri, na mimi nikiwa nakuna nazi niliwasikia.

"Zuhura, mumeo katiwa jicho," Bi Fatma alisema. "Mtu hawezi kuwa na kazi nyingi kiasi hicho watu wakamwacha. Hebu mtazame rangi yake."

"Nmemtazama."

"Basi?"

"Nmemwandikishia kombe. Anakunywa kila magharibi."

"Vizuri. Na dua zisikatike."

Sikucheka wakati ule na sicheki leo. Mama mkubwa alikuwa ameona kwamba mumewe anafifia, na alikuwa anafanya kila alilokuwa na ruhusa ya kulifanya. Dua alikuwa na ruhusa nayo. Kombe, maandishi ya aya yaliyooshwa kwa maji ya mawaridi, alikuwa na ruhusa nalo. Lililobaki, kumuuliza habari za mwili wake, ndilo lililokuwa nje ya mpaka.

Asubuhi ya zamu yangu niliingia na ndoo, jua likiwa limeangukia pale pale. Safari hii haikuwa alama. Kilikuwa cheusi kinachong'aa, kizito, kimeganda kwenye saruji kama lami ya barabarani, na nilipomwaga kopo la kwanza la maji hakikuondoka. Kilichuruzika pembeni na maji yakageuka wekundu wa kutu. Harufu yake sijapata kuisahau. Nimeikuta mara nyingi wodini baada ya hapo, na kila mara huwa kabla sijageuka nshajua. Siyo harufu ya choo. Ni harufu ya kitu kilichooza ambacho hakikupaswa kuwemo. Nilisimama nikajiuliza kama nilivyofundishwa: tumekula nini? Ngisi hawakuingia nyumbani mwetu tangu mwezi uandame. Hapakuwa na mwenye mimba wala mwenye vidonge vya damu.

Nilimwita Rukia. Alishuka na tabasamu tayari. "Ngisi tena, daktari?" akasema, kisha akachungulia, na tabasamu likamwondoka. Tukasimama wawili, kanga puani. Hatukuhitaji kuulizana ni cha nani, kwa sababu wanne tulikuwemo ndani na mmoja tu ndiye aliyekuwa anashikilia ukuta.

Mama mkubwa hakucheka pia. Alishuka mwenyewe, akatazama, akapanda tena polepole, akakaa kwenye kiti cha jikoni na mikono mapajani. "Nitazungumza naye," akasema. Mchana ule, kabla ya adhuhuri, Ami alipopanda kujilaza kidogo, mimi na Rukia tulikaa nje ya mlango wa chumba chao tukikunja nguo zilizokuwa zimeshakunjwa.

"Bwana," tulimsikia mama mkubwa, "tumbo lako salama?"

"Salama, alhamdulillahi."

"Na huko chini?"

"Chini wapi?"

"Chini," mama mkubwa alisema. "Chumba cha kazi. Hakuna joto?"

"Joto la kawaida tu, Zuhura."

Alitoka, akatukuta pale, akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. Walikuwa wameishi pamoja tangu yeye ni msichana. Alimjua shati lipi linamkwaruza shingo na aya ipi inamliza, lakini njia ya kufikia neno lile haikuwahi kulimwa kati yao, na sasa alipoihitaji aliikuta ni msitu. "Siwezi," akaniambia. "Nitamvunjia heshima yake." Nikamwambia nitakwenda mimi. Sijui niliupata wapi ujasiri huo. Nadhani ni kwa sababu mimi ndiye niliyeosha, na aliyeshika ufagio ana haki ya kusema alichokifagia.

Nilishuka baada ya sala ya alasiri. Cherehani ilikuwa inakwenda, lakini kwa kusita, mguu unakanyaga, unapumzika, unakanyaga. Kanzu zilizokatwa zilikuwa zimelundikana mezani, nyingine hazina mikono, nyingine hazina shingo.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Njoo ukae."

Sikukaa. "Ami, nna neno, na neno lenyewe halisemeki."

"Kama halisemeki liache."

"Siwezi kuliacha."

Mguu wake ukasimama. Hakunitazama, na nilishukuru kwa hilo. Nikatazama kigae cha sakafu nikalisema lote kwa pumzi moja: kwamba mimi ndiye ninayeosha choo, kwamba nimekuta choo cheusi kama lami, kwamba hatukula ngisi, kwamba mwalimu wetu alitufundisha kuwa hiyo ni damu, inavuja tumboni, na kwamba yeye ndiye anayesimama kwenye ngazi. Nilipomaliza masikio yangu yalikuwa yanawaka. Uchochoroni mtu alipita na baiskeli, akapiga kengele, akaondoka.

Ami aliutoa mkono wa kanzu chini ya sindano. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nlidhani ni tende."

"Tende hazifanyi hivyo, Ami."

"Na kahawa. Nlidhani tende na kahawa." Alikuwa anaulainisha mkono wa kanzu aliokuwa anaushona, anaulainisha pale pale. "Jana nimeinuka kwenye sijida, msikiti wote ukazunguka. Nkasema nkimaliza kanzu za watu, ntakwenda kujionesha."

"Damu haingoji Idi, Ami."

Hapo ndipo aliponitazama. Nilidhani nitaona ghadhabu, au aibu. Niliona mtu aliyechoka sana, na aliyekuwa anaogopa peke yake kwa siku nyingi katika chumba kile, karibu yetu sote. Akaushika ukingo wa meza akainuka. "Kamwambie mama yako mkubwa anitolee kanzu safi," akasema. "Na mwambie tunakwenda sote, na wewe pia. Wewe ndo uliyekiona."

Hospitalini tulipokewa na daktari kijana, mtaratibu, ambaye alimvuta kope la chini akaona ndani yake hakuna wekundu, na mara hiyo hiyo akaacha kutuuliza majina. "Mzee, choo chako kina rangi gani?" Ami aligeuza uso ukutani. "Mwulize mke wangu," akasema. Mama mkubwa akanitazama mimi. Kwa hiyo nikajibu mimi, na daktari akanisikiliza kama mtu mzima, akauliza kinang'aa au hapana, kinanata au hapana, tangu lini, na dawa gani anazotumia. Ami akatoa mwenyewe vidonge mfukoni. Daktari akavishika kiganjani. Alitueleza kwamba dawa zile, zikimezwa mfululizo na tumbo likiwa tupu, hulichubua tumbo ndani mpaka likafanya kidonda, na kidonda kikiufikia mshipa damu hutoka kidogo kidogo bila maumivu makubwa. "Ingekuwa imetoka chini, karibu na njia, mngeiona nyekundu," akasema. "Hii imetoka mbali." Kisha akamwambia Ami kwamba saumu yake ya leo imekwisha, na mama mkubwa ndiye aliyemnywesha maji.

Nusu saa baadaye alitapika. Kilichotoka kilifanana na machicha ya kahawa, na baada yake damu yenyewe, nyekundu, nyingi, kwenye beseni nililokuwa nimelishika. Wauguzi walitusukuma nje. Mama mkubwa alikaa sakafuni pale kwenye varanda, hakulia, aliendelea kutaja jina la Mungu kwa pumzi fupi. Muuguzi mmoja akatoka akasema damu inahitajika, na ya kwenye jokofu haitoshi. Rukia alikimbia mpaka Malindi, kwenye ile baraza ya uchochoro ambako wanaume walikuwa wamekaa kungoja magharibi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akasimama mbele ya wanaume akasema kwa sauti. Walifuturu tende na maji wakaja, wengine wakiwa bado na kokwa mkononi: muuza samaki, mwalimu wa chuo cha Kurani, wateja ambao kanzu zao zilikuwa zimelundikana mezani bila mikono. Kakangu alikuja kutoka kaskazini asubuhi yake na vijana wa kwetu. Nilimwona Bi Fatma pia, amekaa benchini, mkono wa baibui ameukunja, akimwambia muuguzi achukue na asiulize umri.

Siku zilizofuata zilikuwa za kungoja, na tulichokuwa tunakingoja, nitasema ukweli, kilikuwa choo. Daktari alituambia tukitazame kila mara: kikiendelea kuwa cheusi na chenye kunata, kidonda kinavuja, kikibadilika, kinafunga. Mama mkubwa, ambaye wiki ile ile hakuweza kulitamka neno, sasa ndiye aliyelichukua beseni mikononi mwake, akalipeleka penye mwanga wa dirisha, akalitazama kama anavyotazama mchele. "Bado," alisema. Kesho yake, "Bado." Ami aligeuza uso kila mara, mpaka siku moja hakugeuza. Alimwangalia mkewe pale dirishani, ameinamia beseni, kanga imemteleza begani, akasema, "Zuhura, umeyaona yangu yote sasa." Mama mkubwa akajibu bila kuinua kichwa, "Nlikuwa nangoja unioneshe."

Kilipogeuka kahawia tulikuwa na wageni wodini, Bi Fatma na wanawake wengine wa mtaani, na hotipoti ya uji. Mama mkubwa aliingia kutoka chooni na beseni tupu lililooshwa, akasimama mbele ya wanawake hao wote waungwana, akasema, "Leo kimekuwa cha kawaida." Hapakuwa na aliyecheka wala aliyeona haya. Wakasema alhamdulillahi kwa pamoja, kama mtu katangaza mtoto kazaliwa.

Idi ilimkuta Ami nyumbani, amelala ghorofa ya kati, dhaifu lakini ana rangi. Rukia na mama mkubwa walimaliza kanzu walizoweza. Waliobaki walivaa za mwaka jana, wakaja hivyo hivyo kumpa mkono wa Idi, wakimwonesha mikono iliyokwisha na shingo zilizochujuka, na yeye akawa anacheka kwa uangalifu, mkono tumboni. Vidonge vile hakuvirudia. Shemegi zake walichanga wakamfungia mota kwenye cherehani ili miguu ipumzike. Na mimi, mwaka ule ulipokwisha na majibu ya mtihani yakatoka, niliomba chuo cha uuguzi. Mama yangu alitaka niwe mwalimu. Ami ndiye aliyemwandama mpaka akakubali.

Lakini jambo ambalo hatukulitarajia ni alivyobadilika kule nje. Yule mtu wa kupima maneno akawa anakaa barazani na kikombe chake, sasa cha maziwa, na mtu akilalamika tumbo tu, Ami humuuliza hadharani, "Na choo chako kina rangi gani?" Mwanzo walisimama wakaondoka. Mama mkubwa aliniandikia nikiwa chuoni kwamba mumewe anamtia aibu mtaa mzima. Baadaye wakaanza kumfuata mmoja mmoja, chumba cha kazi, mlango umeegeshwa. Alipokuwa hajui jibu aliwaambia, "Nna mwanangu muuguzi, ntamuuliza," na kweli aliniuliza, kwa simu, kwa miaka yote mpaka mwaka huu, akinieleza rangi za watu nisiowajua kwa ufasaha wa mtu aliyezoea kuchagua vitambaa.

Haya yote tuliyakumbuka mimi na Rukia mle chumbani, mara tukilia mara tukicheka, mpaka tukasikia sauti za wanaume wanarudi kutoka mazikoni. Nilishuka kuomba maji ya wageni. Pale chini, kwenye mlango wa chumba cha kazi, mtu mmoja wa makamo alikuwa amesimama peke yake wakati wenzake wanapanda.

"Bi Mize?"

"Naam."

"Mie Othman, fundi seremala wa uchochoro wa nyuma. Hunijui." Alitazama huku na huku. "Marehemu alinambia nkuulize. Nlimweleza wiki iliyopita, akasema yeye hilo halijui, nikungoje. Sasa sijui kama leo ni siku ya kuuliza."

"Uliza."

"Choo changu kimekuwa cheupe. Cheupe kama majivu. Na mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Maumivu sina. Najikuna tu mwili mzima."

Nilimwomba asogee mlangoni penye mwanga. Akasogea, akatazama juu nilipomwambia atazame, na weupe wa macho yake ulikuwa manjano kama ganda la ndizi. Nilimweleza kwa ufupi kwamba nyongo ndiyo inayokipa choo rangi yake, na choo kikikosa rangi maana yake nyongo haifiki utumboni, kuna kinachoiziba njia, na inarudi kwenye damu. Ndiyo hiyo machoni na kwenye mkojo. Inaweza kuwa kijiwe, nikasema, inaweza kuwa ini, inaweza kuwa jingine, na vipimo ndivyo vitakavyosema, lakini si jambo la kulala nalo tena.

"Baada ya kisomo cha hitma basi," akasema.

"Tunakwenda sasa, Bwana Othman. Mimi nitakufuata."

"Mke wangu yumo humo juu na wanawake wenzake. Hajui kitu. Kila siku nasema leo ntamwambia."

Nikampa kiti cha mshonaji akae, nikapanda kumwita mkewe. Alishuka nyuma yangu, mama mnene mwenye uso wa upole, akashtuka kumkuta mumewe pale. Nilisogea mpaka kizingitini kuwapa nafasi, lakini sikwenda mbali. Nilimsikia Othman akisema hajui aanzie wapi, na mkewe akamwambia, "Anzia popote."